Mwitikio wa Hadithi: Masimulizi Yetu Kutoka Uani Hadi Kwenye Simu

Utangulizi

Mtambaji wa hadithi katika pwani yetu haanzi kusimulia kabla hajaitikiwa. Yeye husema "Paukwa!" na waliomzunguka hujibu "Pakawa!" Wakiitikia kwa ulegevu huwarudia, wakinyamaza huinuka akaenda kulala. Mahali pengine husema "Hadithi! Hadithi!", nao wasikilizaji hujibu kwa kuialika hadithi ije, kuualika na uongo uje, na kuomba utamu ukolee. Ndipo hadithi huanza.

Watu wengi wameuchukulia utaratibu huu kuwa pambo la kuchangamsha watoto. Sisi tunauona kuwa ni mapatano. Msimulizi anaomba ruhusa ya kusema, hadhira inatoa ruhusa hiyo, na pande zote mbili zinakiri waziwazi kwamba yatakayosemwa si habari ya jana sokoni, bali ni hadithi. Na mwisho wa hadithi mapatano hayo hufungwa: msimulizi hutangaza kwamba ikiwa hadithi ni nzuri, uzuri wake ni wa wote waliohudhuria, na ikiwa ni mbaya, ubaya wake ni wake yeye aliyeisimulia.

Katika insha hii tunakusudia kufuata historia ya mapatano hayo, tangu hadithi zetu zilipotiwa katika kitabu, zikapita katika redio na kanda, hata zikafika katika simu ya mkononi. Swali linaloulizwa mara nyingi siku hizi ni kama hadithi za wazee zitakufa kwa sababu ya vyombo vya kisasa. Kwa maoni yetu swali hilo halijawekwa mahali pake. Maneno ya hadithi hayajapata kuwa na ghala nyingi kama yalizo nazo leo. Kilicho hatarini ni mwitikio, yaani haki na wajibu wa msikilizaji wa kujibu, kuuliza, kusahihisha, na hatimaye kuwa msimulizi yeye mwenyewe.

Hadithi Kabla ya Kalamu

Kabla ya kuja kwa vitabu, na hata baada ya kuja kwake, hadithi ilikuwa na saa yake na mahali pake. Ilisimuliwa jioni, kazi zikiwa zimekwisha, uani au kando ya moto, na mara nyingi msimulizi alikuwa bibi. Katika jamii zetu kadhaa wazee walikataza kabisa kusimulia mchana, wakawatisha watoto kwa mikosi ya namna mbalimbali. Katazo hilo lilikuwa na hekima ndani yake: mchana ni wa jembe na nyavu. Watu wazima nao walikuwa na masimulizi yao. Wahaya wa Kagera, kwa mfano, wana tendi zinazoimbwa kwa kufuatwa na ala ya nyuzi iitwayo enanga, na humo mna mambo ya watawala, vita na mashujaa, mambo ambayo si ya kubembelezea mtoto usingizi.

Katika hali hiyo hadithi haikuwa kitu kilichokaa. Ilibadilika kila ilipobadili wasikilizaji. Tutoe mfano mmoja ulio wazi. Wasomaji wengi wanaijua hadithi ya kima na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioota baharini, akawa humtupia rafiki yake papa matunda. Siku moja papa alimchukua kima mgongoni kwenda kumtembeza kwao, na katikati ya bahari akamfichulia kwamba sultani wa papa ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwa utulivu kwamba makima wanapotembea huacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Walipofika alirukia mtini, na papa alipomwita tena, kima alimsimulia hadithi ya punda wa dobi, yule aliyeliwa na simba kwa sababu alirudi mara ya pili mahali ambapo nusura auawe mara ya kwanza. Naye alionekana hana moyo wala masikio.

Hadithi hii ilitoka mbali. Inapatikana katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa Bara Hindi, na humo adui wa kima ni mnyama wa majini mfano wa mamba. Inapatikana tena katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8, na humo adui amekuwa kobe. Ilipofika Unguja akawa papa. Hatuna budi kudhani kwamba hakuna mtu mmoja aliyeketi akaamua mageuzi hayo. Msikilizaji wa pwani, anayeijua bahari na hatari zake, angemuuliza msimulizi mamba amefikaje huko. Na msimulizi mwenye akili humjibu kwa kumweka papa. Hivyo ndivyo mwitikio unavyofanya kazi. Msikilizaji ni mtunzi mwenzi.

Tena tutazame hadithi ya punda inasimuliwa na nani, na kwa nini. Kima haisimulii ili kujifurahisha. Anamjibu papa aliyemwita, na anaitumia kukataa mwaliko bila kutoa tusi. Katika jadi yetu hadithi mara nyingi ni jibu, na asiyepata nafasi ya kujibu hawezi kuitumia.

Kalamu ya Mwaka 1870

Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyewasili Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, alianza kuziandika hadithi alizosikia kwa wenyeji. Mwaka 1870 mkusanyo wake ulichapwa London kwa Kiswahili na Kiingereza, na humo mnapatikana Sultani Darai, hadithi ya punda wa dobi, na nyingine kadhaa. Baadaye wataalamu wa Kijerumani nao walikusanya; Carl Velten alichapisha ngano za Waswahili mwaka 1898.

Lazima tuwe waadilifu katika kuipima kazi hiyo. Bila ya wakusanyaji hao tusingejua kwa uhakika jinsi Kiswahili cha Unguja kilivyotambwa miaka mia moja na hamsini iliyopita. Sentensi zao ni hai, na mtu anayezisoma kwa sauti husikia pumzi ya msimulizi. Hata hivyo kalamu ilikuwa na gharama yake. Kwanza, jalada la kitabu lilibeba jina la mwandikaji, na wasimulizi wakatajwa kwa jumla kuwa ni wenyeji. Pili, papa na mkuyu waligandishwa. Msomaji wa mwaka 1970 aliwakuta pale pale walipokuwa mwaka 1870. Hakuwa na njia ya kumwambia msimulizi kwamba hapa umekosea, au kwamba kwetu hadithi hii haiishi hivyo. Tatu, kitabu hakisemi "Paukwa!" na kungoja. Kinaanza tu.

Waandishi wetu wenyewe walilitambua pengo hilo, wakajaribu kuliziba kwa njia yao. Shaaban Robert katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, na katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, hakuziacha hadithi za kale zikae kama zilivyokuwa. Cha pili chimbuko lake ni kisa cha Alfu Lela Ulela, lakini alikivika maadili na lugha ya wakati wake. Alifanya kwa kalamu kile ambacho mtambaji hufanya kwa ulimi: alipokea, akajibu, akaipitisha kwa wengine ikiwa na sura mpya.

Enzi ya Redio

Mwaka 1951 utangazaji ulianza Dar es Salaam na Unguja. Nchi ilipopata uhuru, na hasa baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, sauti ya redio ilitazamwa kuwa chombo cha kuurudishia umma mali yake. Mwaka 1965 shirika la utangazaji lililorithiwa kutoka ukoloni lilifanywa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya Serikali. Watu wazima wengi wa leo hawajakisahau kipindi cha Mama na Mwana, ambacho kiliwakusanya watoto kando ya redio kusikiliza hadithi.

Redio ilirudisha sauti ambayo kitabu kiliinyamazisha. Hadithi ilisikika tena kwa mikato yake, kwa nyimbo zake, kwa kicheko cha fisi na maringo ya sungura. Mtoto wa Songea na mtoto wa Tanga walisikia hadithi moja usiku mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia yetu. Mchango huo katika kujenga Taifa na lugha yake si mdogo. Lakini sauti ilikwenda upande mmoja. Mtoto aliyeitikia "Pakawa!" mbele ya redio hakusikiwa na mtu ila ndugu zake.

Hata hivyo historia yetu ina fundisho moja ambalo twaona limesahauliwa mapema mno. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza: wanakikundi walisoma, wakaulizana, wakabishana, wakakubaliana la kufanya, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Kampeni hiyo haikuhusu hadithi. Ilihusu malaria na kichocho. Lakini ilithibitisha kwamba chombo kinachosema upande mmoja kinaweza kutiwa ndani ya desturi ya kujibizana, ikiwa watu watapanga hivyo. Mashine yenyewe haikufanya hayo. Yalifanywa na kikundi kilichokaa kuizunguka.

Kinasa Sauti na Ghala ya Kanda

Katika miaka hiyo hiyo kinasa sauti kilianza kubebwa hadi vijijini. Watafiti wa Chuo Kikuu na wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pamoja na wanafunzi wao, walirekodi hadithi, tendi, vitendawili na methali za makabila mengi. Kutokana na jitihada hizo fasihi simulizi ilipata kiti chake katika vyuo na shule, na kijana wa sekondari akaanza kufundishwa kwamba bibi yake ni msanii.

Ni fahari kubwa. Lakini mara nyingi mtafiti alimtafuta msimulizi mchana, akamketisha peke yake mbele ya mashine, akawaomba watoto wanyamaze wasiharibu kanda. Kwa hiyo tulipata hadithi safi isiyo na kelele, na tukaipoteza hadhira. Anayesikiliza kanda za namna hiyo leo humsikia mzee akisema "Paukwa!", kisha kimya kifupi, kisha mtafiti mmoja akiitikia kwa sauti ya chini, kwa adabu. Ni sauti ya mtu anayetimiza taratibu.

Tatizo la pili ni la kanda yenyewe. Utepe wa sumaku huharibika kwa joto na unyevu, nayo mashine za kuupigia zimekuwa adimu. Kuzihamisha sauti hizo katika hifadhi za kidijitali ni kazi isiyongoja. Kanda iliyooza hairekodiwi mara ya pili, kwa kuwa wengi wa wasimulizi hao wametangulia mbele ya haki.

Hadithi Mkononi

Televisheni ilianza Zanzibar mapema katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994. Mwezi Julai 2009 waya wa baharini, mkongo wa SEACOM, ulifika Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata mtandao wa intaneti ukaingia mifukoni mwa watu kupitia simu. Leo kijana aliyeko Mbeya anaweza kuitazama hadithi iliyosimuliwa Pemba, na Mtanzania aliyeko Muscat au London anaweza kumsikia shangazi yake akitamba hadithi jioni ile ile.

Matatizo yaliyokuja na neema hii ni mawili makubwa. La kwanza ni kwamba mapatano ya kale yamegeuzwa juu chini. Msimulizi wa jadi alisema uzuri ni wetu sote na ubaya ni wangu. Mtandaoni, hadithi ikipendwa, faida ni ya aliyeiweka, hata kama aliichukua kwa bibi wa watu bila kumtaja. Nayo ikiwa mbovu au ya kudhuru, haina mwenyewe, imetumwa tu na kutumwa tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi, ngano zikiwamo, na kuzikinga na matumizi ya kibiashara yasiyo na idhini. Lakini sheria haiwezi kumlinda msimulizi ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

La pili ni zito zaidi. Wazee waliuita uongo kwa jina lake kabla ya kuukaribisha. Hadhira iliualika ikijua ni uongo, ikaufurahia, ikatoa humo ukweli wa maisha, kisha ikaenda kulala. Siku hizi uongo huingia katika simu bila "Paukwa!" Huvaa mavazi ya habari, ya dawa, ya onyo, na anayeupokea hakuulizwa kama yuko tayari. Jamii iliyozoea kuitikia kabla ya kusikiliza ilikuwa na kinga dhidi ya jambo hili. Watoto walijifunza wangali wadogo kuitofautisha hadithi na habari, kwa kuwa kila usiku walitakiwa kukiri tofauti hiyo kwa vinywa vyao wenyewe. Kwa hiyo wanaodhani kuhifadhi desturi ya hadithi ni shughuli ya makumbusho tu, hawajaona inayahusu kiasi gani maisha ya raia wa leo.

Pamoja na hayo hatukubaliani na wale wanaoilaani simu. Kitabu, redio na kanda vilikuwa na kinywa bila sikio. Simu ina vyote viwili. Ni chombo cha kwanza, tangu hadithi zilipotoka uani, ambacho msikilizaji anaweza kukijibu. Dalili njema zipo. Katuni ya Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014 na kutengenezwa Dar es Salaam, iliwauliza watoto maswali ya hesabu ndani ya hadithi, nao wakaweza kujibu kwa ujumbe wa simu. Mwaka huo huo mradi wa African Storybook, ulioasisiwa na asasi ya Saide ya Afrika Kusini, ulifungua tovuti ya hadithi za watoto katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, ambamo msomaji anaruhusiwa kuitafsiri hadithi na kuirekebisha ilingane na watoto wake. Humo mamba anaweza tena kuwa papa.

Yapasayo Kufanywa

Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Mkataba huo unautazama urithi kuwa kitu ambacho jamii yenyewe hukiumba upya kizazi hadi kizazi. Ukichukuliwa hivyo, kuhifadhi hadithi si kuifungia sandukuni. Kwa maoni yetu mambo matatu hayana budi kufanywa.

Kwanza, kila anayerekodi hadithi, awe mtafiti au kijana mwenye simu, arekodi na hadhira. Watoto wasinyamazishwe. Kelele zao, maswali yao na vicheko vyao ni sehemu ya kazi ya sanaa. Liandikwe na jina la msimulizi, kwa ridhaa yake, pamoja na kijiji na tarehe.

Pili, shule zifundishe kutamba, si kuchambua peke yake. Mwanafunzi wetu anaweza kuzitaja tanzu zote za fasihi simulizi katika mtihani, na asiweze kumkalisha mdogo wake kimya kwa dakika kumi. Atumwe nyumbani akaombe hadithi kwa mzee, arudi aisimulie mbele ya wenzake, nao wamkatize na kumsahihisha. Hapo atajua kwa nini papa aliingia mahali pa mamba.

Tatu, tulirudie fundisho la mwaka 1973. Simu moja iliyowekwa katikati ya mkeka, na watu wanane wameizunguka, ni chombo tofauti kabisa na simu nane katika pembe nane za nyumba. Maktaba, vituo vya vijana na kaya zenyewe zinaweza kuunda vikundi vya kusikiliza hadithi: isikilizwe ya mtandaoni, kisha simu izimwe, na mmoja wa waliopo ajibu kwa hadithi yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika kila hatua hadithi zetu zilipata kitu na kupoteza kitu. Kitabu kiliyapa maneno maisha marefu, kikauondoa uhuru wa kubadilika. Redio iliirudisha sauti, ikaipeleka upande mmoja. Kanda ilimtunza msimulizi, ikamwacha bila wenziwe. Simu imetupa njia ya kujibu, lakini haituwekei desturi ya kujibu. Desturi hiyo ni kazi yetu, na haiwezi kununuliwa dukani pamoja na chombo.

Wapo bado, katika kila mkoa, wazee wanaojua hadithi ambazo hazimo katika kitabu wala katika kanda yoyote. Wengi wao hawasimulii tena, na ukiwauliza sababu hawasemi kwamba wamesahau. Husema hakuna anayewaitikia. Basi jukumu la kwanza ni jepesi, nalo halihitaji fedha wala mitambo: jioni moja, mzee akisema "Paukwa!", awepo mtu wa kumjibu.